Jibu: Kuna watu wanatia chumvi kwenye kahawa?

Wapo mkuu, tena Ethiopia kwenyewe, asili ya kahawa. Sehemu nyingine huko wanaongeza hata siagi. Ila kiboko ni kaskazini mwa Sweden na Finland: vipande vya jibini vinatumbukizwa kikombeni, vikishalowa vinaliwa kwa kijiko. Hapa Dodoma mwombe muuza kahawa jibini uone atakavyokutazama! Sisi ni chungu na kashata ya karanga, basi.

Ya Hanoi, Vietnam, ningeijaribu: kiini cha yai kinapigwa na maziwa mazito matamu mpaka kiumuke, kinakaa juu ya kahawa kali. Ilianza 1946, maziwa ya kawaida yalipoadimika. Senegal wanatia viungo vyenye ukali wa pilipili. Mzoefu wa tangawizi hatashtuka sana.