Hesabuni miguu kwanza

Wiki hii mmeuliza ofisi isafishwe mara ngapi. Nimesimamia usafi katikati ya jiji la Nairobi miaka 11 sasa, na ombi langu kwa mabosi ni hili: kabla ya kuhesabu siku, hesabuni miguu.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 imeshaweka kiwango cha chini. Taka ziondolewe kila siku sakafuni, ngazini na koridoni, na sakafu ya chumba cha kazi isafishwe angalau mara moja kwa wiki. Lakini chumba cha wahasibu wanne si sawa na mapokezi yanayopitiwa na watu 200 kwa siku.

Ofisi moja niliyoihudumia ilitaka deki moja tu, saa kumi na mbili asubuhi. Aprili, masika yamekolea, ikifika saa tatu tope limeshafika mlangoni mwa lifti. Mama mmoja mgeni aliteleza akaumia mkono. Uchungu wa siku ile ninao hadi leo. Hatukuongeza mfanyakazi wala saa za kazi. Deki ya mapokezi tuliihamishia saa nne, na nyingine saa nane, watu wakisharudi kutoka kula. Januari na Februari mambo hugeuka, adui ni vumbi. Hapo meza na madirisha yapanguswe kila siku kwa kitambaa chenye unyevu, maana ufagio mkavu hulirusha vumbi juu likatua palepale.

Choo cha watu 30 hakiwezi kungoja jioni. Kiangaliwe kila baada ya saa mbili: maji yapo? Sabuni ipo? Siku za mgao wa maji, madumu yajazwe mapema. Vitasa na vibonyezo vya lifti vioshwe kwa sabuni kwanza, ndipo dawa ya kuua viini ipakwe na iachwe dakika kadhaa. Ukiipaka juu ya uchafu na kuifuta papo hapo, umeipoteza bure.

Kapeti, mara mbili au tatu kwa wiki zinatosha.

Ratiba yetu ya sasa niliiandika nikiwa nimekaa ngazini na akina mama wawili wanaopiga deki ghorofa ya tatu. Wao ndio walionionyesha kwamba swichi ya jikoni, inayoguswa na kila mtu, haikuwa kwenye orodha ya mtu yeyote.