Hai skuli ya watu elfu tatu: mambo ambayo mimi hakuna aliyeniambia

Ikifika mwezi wa saba mwishoni simu yangu haipumui. Kuna familia imefika Marekani, mtoto ana miaka kumi na tano au kumi na sita, ameshaandikishwa kwenye ile hai skuli kubwa ya serikali, na mzazi anauliza sasa huko mtoto anaanzaje. Nimechoka kurekodi voisi noti ileile kila mwaka, basi leo naandika, mwenye kusambaza asambaze.

Kwanza ule ukubwa wenyewe. Mimi niliingia gredi ya 9, ndio mwaka wa kwanza kati ya minne ya hai skuli, nikijua kwamba shule ni darasa moja na dawati moja na mwalimu ndiye anayekufuata. Kule wewe ndiye unayehama. Masomo saba vyumba saba, kengele ikilia una dakika tano za kutoka jengo la sayansi mpaka ghorofa ya pili upande wa mwisho kabisa, na kila kipindi unakaa na watu tofauti, kwa hiyo hata yule uliyecheka naye asubuhi unaweza usimuone tena mpaka kesho. Chakula cha mchana zamu yangu ilikuwa saa nne na nusu asubuhi, manake wanafunzi hawaenei kafeteria kwa mara moja. Nikawa sina pa kukaa, nikahamia maktaba, na nilikaa maktaba karibu miezi miwili na hakuna hata mtu mmoja aliyeniuliza we mtoto vipi.

Hapo ndipo kwenye kazi. Kwetu ukizembea mwalimu anakujua, anamjua na mama yako, habari inafika nyumbani kabla hujafika wewe. Kule unaweza kuzama polepole, kimya kimya, na hakuna mbaya wako, watu wako bize tu. Kaunsela ndiye anayepanga masomo yako, na chama chao cha kitaifa kinapendekeza kaunsela mmoja ahudumie wanafunzi 250, wangu alikuwa na zaidi ya 400. Alinisikia lafudhi, akaangalia makaratasi yangu dakika mbili hivi, akaniweka kwenye hesabu za chini kabisa ambazo nilishazisoma nyumbani zamani. Mimi nikasema asante. Si ndio adabu? Mtu mzima kakupangia, unapingaje.

Ile asante ilinila mwaka mzima. Hesabu kule ni ngazi: aljebra ya kwanza, jiometria, aljebra ya pili, halafu matayarisho ya kalkulasi, ndio ufike kalkulasi yenyewe, na kila ngazi kwa kawaida ni mwaka. Ukianzia chini ya ngazi gredi ya 9, miaka minne inaisha hujafika juu, labda usome likizo. Kwa hiyo mdogo wangu, wiki ya kwanza, sio mwezi wa pili, wiki ya kwanza nenda ofisini na ripoti zako za shule ya zamani useme hii nimeshaisoma naomba nipimwe. Hiyo sio jeuri. Wao wamezoea, na mtu asiyesema wanajua ameridhika.

Na wazazi wangu, naomba msimtumie mtoto kama mkalimani. Nina dhambi yangu hapa. Kikao cha kwanza mwalimu alisema nina akili ila siwasilishi kazi na naonekana nimekata tamaa, mimi nikamgeukia mama nikamwambia, "Anasema nina akili." Mama akafurahi mpaka akamshika mwalimu mkono kwa mikono miwili. Shule inayopokea pesa za serikali kuu inatakiwa kuwasiliana na mzazi kwa lugha anayoielewa, msingi wake ni sheria ya haki za raia ya mwaka 1964, na mkalimani hulipi wewe. Kiswahili wanapata, hata kama ni kwa simu. Ombeni.

Sasa hiyo ya kutowasilisha kazi. Sisi tumekulia kwenye mfumo ambao unaweza kulala mwaka mzima, ukija kuamka kwenye mtihani wa mwisho umeshinda. Kule hakuna mtihani mmoja wa taifa wa kukuokoa. Kila homuweki ina maksi, kila semista, yaani nusu mwaka wa masomo, inaingia kwenye transkripti, ile rekodi ya maksi zako zote ambayo vyuo vinaiangalia, na transkripti inaanza siku ya kwanza ya gredi ya 9. A ni 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1, F ni sifuri, wanajumlisha wanagawanya, ndio GPA yako hiyo, wastani wa maksi zako. Mimi biolojia mitihani nilikuwa napata A, mwisho wa semista nikaletewa C. Nikaenda kulalamika, mwalimu akanifungulia kompyuta, sifuri kumi na moja zimejipanga kama siafu, homuweki ambazo nilidhani ni za kujifunzia tu. Ile C niliendelea kuiona mpaka naomba chuo.

Kuhusu masomo ya AP watu wanatishana sana. Ni masomo ya kiwango cha chuo, mtihani wake ni mwezi wa tano, unasahihishwa kuanzia 1 mpaka 5, ukipata 3 kuna vyuo vinakuhesabia, vingine vinataka 4 au 5. Mawili ukayafanya vizuri yanatosha kwa mwaka, usije ukabeba matano kwa sababu rafiki yako kabeba matano. SAT, ule mtihani wa kuombea chuo, nayo maksi zake ni 400 mpaka 1600, siku hizi inafanyika kwenye kompyuta. Kitu ambacho wengi hawajui ni ile fomu ya chakula cha bure, ambayo wazazi wengine wanaona aibu kuijaza. Jazeni jamani! Mtoto anayestahili chakula kile anastahili pia kufanya SAT bila kulipa na mtihani wa AP anapunguziwa, na ile nafuu ya SAT inamfungulia njia ya kuomba vyuo vingi bila ada ya maombi. Nilikuwa na rafiki aliyelipia kila kitu mwenyewe kwa pesa ya kazi ya wikendi kwa sababu baba yake alisema sisi sio masikini.

Haya, michezo. Ukisema tu unatoka Afrika Mashariki mtu anakwambia aah basi wewe mkimbiaji. Mimi mtu wa pwani, mbio nilizozijua ni za kukimbia mvua. Ila mwalimu mmoja aliyekuwa pia kochi wa mbio za nyika alinikuta kwenye korido akaniambia njoo mazoezini, na mbio za nyika zina uzuri mmoja, shule nyingi hazimkati mtu kwenye timu, ukiweza kumaliza uko ndani. Masafa ni kilomita 5. Timu inapeleka wakimbiaji saba, wanaohesabiwa ni watano wa mbele, nafasi zao zinajumlishwa, na mwenye jumla ndogo ndiye mshindi. Mimi katika saba hao sikuwahi kuwemo, miaka minne yote nilikuwa kwenye timu ya pili, kochi alikuwa ananitania kwamba nimeharibu jina la bara zima.

Lakini yule kochi ndiye mtu mzima wa kwanza katika jengo lile kunijua jina. Na kochi anaangalia maksi zako, maana ukifeli huchezi. Texas hiyo ni sheria tangu 1984, ukiwa chini ya 70 kwenye somo unakaa benchi wiki tatu angalau, na majimbo mengine yana taratibu zake. Aliona C yangu, akauliza, nikamweleza na habari ya hesabu humohumo, kesho yake akanipeleka kwa kaunsela mwenyewe. Suala ambalo mimi nililikalia kimya miezi saba lilikwisha kwa dakika kumi, ingawa mwaka ndio ulikuwa umeshakwenda. Kwa hiyo nikimwambia mtoto ajiunge na timu simaanishi awe staa. Bendi sawa, chesi sawa, roboti sawa, kikundi chochote chenye mtu mzima ambaye usipotokea siku mbili atauliza uko wapi.

Wenye kipaji kweli, sikilizeni kwa makini zaidi. Jamaa yangu mmoja alikuwa na mpira wa miguu mpaka watu wanasimama, lakini alifika wiki moja baada ya majaribio ya timu, akasubiri mwaka. Na umri unahesabiwa, majimbo mengi ukifika miaka 19 kabla ya msimu basi, na tangu uingie gredi ya 9 una semista nane tu, uwe umecheza au hujacheza. Sasa wale ambao kwenye kambi ya wakimbizi waliandikiwa wamezaliwa tarehe 1 Januari bila kuulizwa, kama mna cheti cha kweli kishughulikieni mapema. Halafu chuo. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, wanataka masomo 16 ya msingi, na ukitaka daraja la kwanza, lile la juu kabisa kati ya madaraja yao matatu, kumi kati ya hayo yawe yamekwisha kabla ya kuanza gredi ya 12, na GPA ya hayo masomo isipungue 2.3. Masomo ya chini ya kiwango, yale ya kufidia, hayahesabiwi. Jamaa yangu alijaziwa hayohayo, barua za makochi wa vyuo zilikuja na zikarudi, akaanzia chuo cha miaka miwili. Daraja la tatu wao hawatoi skolashipu ya michezo kabisa, mtu asikudanganye.

Mabinti nao wacheze. Tangu 1972 kuna sheria inayokataza shule kuwabagua kwa jinsia, michezo ikiwemo, na kwenye timu yetu walikuwepo waliokimbia na hijabu na suruali ndefu, na wakatuacha.

Kitu cha mwisho kabla sijasahau, fomu ya daktari ya kuruhusiwa kucheza. Bila hiyo hata mazoezi ya siku ya kwanza huingii, na michezo mingi ya msimu wa kwanza inaanza kujinoa shule haijafunguliwa. Ifanyeni mwezi wa saba huu. Mwezi wa nane kila mtoto wa mji mzima yuko kwenye foleni hiyohiyo.