Gari inalia asubuhi, mchana kimya: ni mkanda, beringi au oltaneta?

SWALI: Shikamoo fundi. Natumia Toyota IST, naishi Luchelele, Mwanza, huku karibu na ziwa. Asubuhi nikiwasha tu inalia mbele kwenye injini, kwiiii, ila nikifika Nyegezi imeshanyamaza. Mchana inaweza isilie kabisa, halafu jioni nikiwasha ac kwenye foleni ya Buzuruga inaanza tena. Fundi wa kwanza aliweka mkanda mpya, ikatulia siku chache ikarudi vilevile. Wa pili anasema oltaneta imekufa ninunue nyingine, na kila nikimpelekea gari hailii hata kidogo kwahiyo naona anabahatisha. Nisaidie kabla sijatoa hela. (Msomaji, Luchelele)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hela ya oltaneta usiitoe kwanza, maana maelezo yako mwenyewe yameshasema mengi kuliko huyo fundi wa pili. Angalia inalia saa ngapi: asubuhi ukishapiga stata oltaneta inakuwa na kazi ya kurudisha chaji kwenye betri, na huko ziwani gari inaamka na unyevu mpaka kwenye mkanda, jioni nako ukiwasha ac kompresa inaongeza mzigo. Yani inalia pale mkanda unapobebeshwa mzigo, na hiyo mara nyingi ni mkanda unateleza kwenye puli, yale magurudumu madogo unayoyazungusha. Beringi iliyokufa haichagui hivyo, yenyewe inavuma au inakwaruza muda wote na ukikanyaga mafuta sauti inapanda na injini.

Sasa fanya hivi wewe mwenyewe, asubuhi hiyohiyo inapolia, usisubiri kufika gereji. Chukua ile chupa ya kupulizia maji kama za saluni, weka maji matupu, fungua boneti injini ikiwa sailensa, yani inaunguruma bila kukanyaga mafuta, kunja mikono ya shati na kama umevaa khanga au mtandio uweke mbali kabisa, halafu pulizia kidogo upande wa mkanda wenye mifereji huku unasikiliza. Kelele ikizidi, mkanda umelegea. Ikikata ghafla halafu maji yakikauka ikarudi, hasa kama ni ule mlio mfupimfupi wa kwi-kwi-kwi, puli hazijakaa kwenye mstari mmoja, kuna moja imepinda au kitu hakikufungwa sawa. Isipobadilika chochote ndio tuanze kufikiria beringi. Na irekodi kwa simu, ukimpelekea fundi gari iliyonyamaza mwekee asikie.

Kwa hiyo IST yako mimi nabeti mkanda umelegea. Injini yake haina tenshena ya kujikaza yenyewe, mkanda unakazwa kwa kuivuta oltaneta na kufunga bolti, na mkanda mpya ukishatembea siku chache unalegea kidogo, fundi alitakiwa akuambie urudi aukaze. Wengi hawasemi, na hii inaniuma kwa sababu mtu anauziwa oltaneta ya mtumba wakati shida ilikuwa spana na dakika kumi. Ila wasiukaze mpaka ulie kama gitaa, mkanda uliokazwa kupita kiasi ndio unaoua beringi za oltaneta na wota pampu (pampu inayozungusha maji ya kupoza injini), hapo sasa utanunua kweli.

Wakiwa hapohapo waangalie chini ya wota pampu kama kuna alama za kulanti (yale maji ya kupoza injini) iliyokaukia, maana kulanti au oili ikigusa mkanda utalia hata uwe mpya wa leo. Na kama huwa unaosha injini kwa presha na sabuni, punguza, maji ya presha yanaingia kwenye beringi na kufukuza grisi. Mtu asikupakie sabuni wala grisi kwenye mkanda, itanyamaza leo, kesho utateleza zaidi.

Ukishakazwa na bado inalia, mwambie fundi autoe mkanda awashe injini kwa sekunde chache tu, sio zaidi, sababu bila mkanda wota pampu haizunguki. Kelele ikiisha basi ipo kwenye kitu kinachozungushwa na mkanda, hapo azime, azungushe puli mojamoja kwa mkono, inayokwaruza au kucheza ndiyo yenyewe. Na ukiwa barabarani taa ya betri ikiwaka ghafla, paki pembeni uzime, huenda mkanda umekatika, na ukiendelea bila mkanda injini inachemka.

SWALI: Noah yangu inalia nyiko nyiko mbele nikipita matuta tu. Ikisimama hata nikipiga resi hailii. Nibadilishe mkanda? (Mama wawili, Igoma)

JIBU: Hapana dada, mkanda haujui habari za matuta. Zima injini, weka gari sehemu tambarare, mtu aibonyeze kona ya mbele na kuiachia mara kadhaa wewe ukiwa umeinama karibu na tairi. Ikilia ni bushi za chini au mpira wa juu wa shokapu, uende kwa fundi wa miguu, yule wa shokapu na bushi. Isipolia, jaribu kuitikisa boneti yenyewe kwa mkono, zile raba zake zikichakaa na bawaba zikikauka zinatoa mlio huohuo, na hapo tone la oili kwenye bawaba na raba mpya vinatosha.