Panga anwani kwa laini, tangaza njia kwa mafungu

Wadogo zangu mnaoingia kwenye kazi ya mitandao hapa Tanga, wengi wenu mtafunga antena na fiba. Modemu za kupiga simu mtazikuta stoo. Hata hivyo nawasihi mjifunze jinsi mtoa huduma wa kupiga simu alivyopaswa kupanga anwani zake. Mteja wa PPPoE (itifaki ya kumwingiza mteja mtandaoni kwa jina na nywila) wa leo anaingia na kutoka vilevile, na mtandao wake unayumbishwa na mambo yaleyale.

Anza kwa kuhesabu laini, usianze na idadi ya wateja. Mteja anahitaji anwani akiwa hewani tu; akikata, anapewa mwingine. Laini moja ya E1 (kiungo cha kidijitali cha simu) hubeba simu 30 kwa wakati mmoja. Tuseme Tanga mjini mna E1 nne, Korogwe mbili, Muheza moja. Hizo ni simu 120, 60 na 30, hata kama waliosajiliwa ni maelfu. Sasa chukua 203.0.113.0/24, fungu lililotengwa kwa ajili ya mifano, lenye anwani 256; namba baada ya mkwaju ikiongezeka kwa moja, fungu hupungua nusu. Tanga ipe /25 yenye anwani 128, Korogwe /26 yenye 64 kuanzia .128 (namba ya mwisho ya anwani), Muheza /27 yenye 32 kuanzia .192. Inabaki /27 ya mwisho, kuanzia .224, kwa ajili ya seva, viungo vya ruta kwa ruta na wateja wa anwani ya kudumu. Gawa kubwa kwanza. Kila fungu lazima lianzie kwenye namba inayogawanyika kwa ukubwa wake, na ukitanguliza madogo ovyo utabaki na mapengo yasiyounganika.

Mafungu ya ukubwa tofauti yanaikataa RIP (itifaki ya ruta kuambiana njia) ya toleo la kwanza, kwa sababu haibebi maski ya subneti, yaani ukubwa wa fungu. Tumia RIP toleo la pili au OSPF, itifaki nyingine ya kazi hiyo. Na kama kituo kina njia moja tu ya kutokea, mimi nasema hata OSPF haihitajiki: andika njia ya kudumu huku na huku, basi.

Penye kazi hasa ni hapa. Kila simu inayoingia huzalisha njia ya /32, yaani ya anwani moja tu, kwenye seva inayopokea simu. Ukiruhusu njia hizo zisambae, kila anayeunganisha na kila anayekata atazigutusha ruta zote, usiku na mchana, na viungo vyembamba vitabeba habari za wapiga simu badala ya data zao. Dereva wa basi anayetoka Korogwe kwenda Tanga anatakiwa kuijua njia ya Segera na Muheza. Nyumba ya abiria kule Ngamiani, barabara ya kumi na mbili, itatafutwa huko huko. Kwa hiyo Korogwe itangaze /26 moja tu, iwe na mpiga simu mmoja au sitini.

Lakini ukitangaza fungu zima, lazima pale Korogwe uandike pia njia ya fungu hilo kwenda Null, yaani shimo la kutupia pakiti. Msiruke hatua hii. Mteja akikata simu katikati ya kupakua faili, seva ya mbali huendelea kutuma kwa muda. Pakiti inafika Korogwe, haikuti /32, inafuata njia ya jumla (ya kila anwani isiyo na njia yake) na kurudi Tanga. Tanga inajua anwani hiyo ni ya Korogwe, inairudisha. Ikiwa na TTL (hesabu inayopungua moja kwa kila ruta) ya 50, itavuka kiungo kilekile karibu mara hamsini kabla ya kufa. Ukipima kwa traceroute, programu inayoorodhesha ruta za njiani, utaona Tanga, Korogwe, Tanga, Korogwe mpaka mwisho wa skrini, huku wateja wakilalamika intaneti nzito. Njia ya Null inaitupa pakiti hiyo mara moja, na aliye hewani hadhuriki kwa kuwa /32 yake ni mahususi zaidi na ndiyo inayofuatwa.

Wapo wanaohitaji anwani ya kudumu, mfano ofisi ya Chumbageni yenye seva yake ya barua pepe. RADIUS, mfumo unaowathibitisha wateja wanaoingia na kuwawekea kumbukumbu, itawapa anwani ileile kila wanapoingia. Kama wanapiga kituo kimoja siku zote, anwani zao zikae ndani ya fungu la kituo hicho. Kama leo wanaingilia Tanga na kesho Muheza, /32 zao lazima zitangazwe. Watengee fungu lao, tuseme /28 kuanzia .240, na chujio la njia lipitishe /32 za fungu hilo peke yake.

Mwisho, saa. Anwani iliyokuwa ya Asha saa nne asubuhi, saa tano ni ya Juma. Seva zote zifuate NTP (itifaki ya kulinganisha saa), na kumbukumbu za RADIUS zitunzwe, maana siku likija lalamiko la barua taka kutoka anwani fulani, dakika chache za tofauti zinatosha kumfungia mtu asiyehusika.