Maswali na majibu: kabla hujaniuliza tena kuhusu Sapkowski

Tangu nimtaje hapa Andrzej Sapkowski, yule Mpolandi aliyemuumba Geralt wa Rivia, muuaji wa mazimwi kwa malipo ambaye dunia inamjua kwa jina la Witcher, barua hazijakoma. Zaidi ya nusu zinauliza namna ya kuvuka hatua fulani ya gemu la kompyuta lililotokana na vitabu vyake, na hizo nimeziweka kando zote, maana hapa tunazungumza vitabu. Nitataja vitabu kwa majina ya Kiingereza kwa kuwa ndivyo mtakavyovikuta dukani.

Shikamoo mwalimu. Rafiki yangu kaniazima Blood of Elves. Nimefika ukurasa wa 60 na bado sijui nani ni nani. Tatizo ni mimi? (Msomaji, Morogoro)

Marahaba mwanangu. Tatizo si wewe. Umeingizwa katika hadithi iliyokwisha kuanza. Kirudishe hicho kitabu na utafute The Last Wish, halafu Sword of Destiny. Vyote viwili ni mikusanyiko ya hadithi fupi. Ukimaliza hivyo ndipo unaingia riwaya tano kwa mpangilio wake: Blood of Elves, Time of Contempt, Baptism of Fire, The Tower of the Swallow na Lady of the Lake. Kwa Kipolandi zilitoka kati ya 1994 na 1999.

Mvurugano huu una chanzo, na kinaniudhi mpaka leo. The Last Wish ilitoka kwa Kiingereza mwaka 2007. Mwaka uliofuata wachapishaji wakatoa Blood of Elves, wakakiruka kitabu cha katikati. Sword of Destiny, ambacho Wapolandi walikuwa nacho tangu 1992, kilikuja kutafsiriwa mwaka 2015. Kwa miaka 7 msomaji wa Kiingereza alimkuta msichana Ciri ni mtoto wa nyumbani kwa Geralt bila kujua walikutanaje. Hakuuona msitu wa Brokilon, walimokutana, wala hakuisoma ile kurasa ya mwisho ambapo mtoto anamkimbilia mtu ambaye alikwisha kumkana. Riwaya zote tano zimesimama juu ya kurasa hiyo. Ukiikosa, unasoma vita vya wafalme tu.

Season of Storms cha 2013 na Crossroads of Ravens, kilichotoka Poland mwaka 2024 na kumwonyesha Geralt kijana, viache mwishoni, ingawa matukio yake ni ya zamani zaidi. Usidanganywe na tarehe za ndani ya hadithi.

Jina lake linatamkwaje?

Anjei Sapkofski.

Mwalimu naomba PDF ya vitabu vyote. (Wasomaji 14, miji mbalimbali)

Sina, na ningekuwa nayo nisingeituma. Nimelijibu swali hili mara tatu mwaka huu. Watu hawa hawa wanaoomba PDF ndio wanaoniandikia kulalamika kwamba riwaya za Kiswahili hazichapishwi. Mchapishaji atachapa nini, na kwa fedha ya nani, kama kila kitabu kikitoka asubuhi jioni kimeshasambazwa kwenye makundi ya WhatsApp? Changeni wanne, nunueni nakala moja, mpeane zamu. Sisi tulisoma hivyo.

Mimi hadithi fupi hazinivutii. Naweza kuruka hiyo mikusanyiko miwili nikaenda moja kwa moja kwenye riwaya? (Msomaji, Eldoret)

Huwezi, ndugu yangu. Na nitakueleza kwa kirefu, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapompoteza mwandishi huyu.

Mwaka 1985 jarida la Fantastyka la Poland lilitangaza shindano la hadithi fupi zisizozidi kurasa 30. Sapkowski alikuwa mchumi wa mji wa Łódź, mfanyakazi wa biashara ya nje, anayekaribia miaka 40, na mwanawe alikuwa msomaji wa jarida hilo. Akaandika hadithi moja akaiita "Wiedźmin", neno ambalo kwa Kiingereza ndilo Witcher. Ilitoka toleo la Desemba 1986 na kushika nafasi ya 3. Wasomaji wakadai nyingine, kisha nyingine tena.

Wazo lenyewe lilitokana na ngano. Watoto wa Poland husimuliwa habari za joka la kilima cha Wawel, mjini Kraków, lililowashinda mashujaa wote wa mfalme. Fundi viatu maskini akajaza salfa ndani ya ngozi ya kondoo, joka likameza, likashikwa na kiu, likanywa maji ya mto Vistula mpaka likapasuka. Sapkowski akajiuliza swali la mtu mzima: fundi viatu anajua nini kuhusu majoka? Fundi viatu hodari hushona viatu. Basi kama mazimwi yapo, lazima awepo mtu ambaye kuyaua ndiyo kazi yake, aliyeifunzwa tangu utotoni, anayekuja na bei.

Sasa tazama anavyomwingiza huyo mtu. Ni alasiri, vibanda vya mafundi kamba na mafundi matandiko vimeshafungwa, mtaa mtupu. Mgeni anapita lango la mji wa Wyzima kwa miguu, farasi wake kabeba mizigo naye anamvuta kwa hatamu. Kuna joto, lakini amejitupia koti jeusi mabegani. Hakuna upanga unaomeremeta wala utabiri wa kale. Anatafuta pa kulala, na nyumba ya wageni anayoingia inamwambia hakuna nafasi.

Kazi iliyomleta ni binti wa mfalme. Mfalme Foltest alizaa na dada yake wa kuzaliwa, mtoto akafa mara tu alipozaliwa, akazikwa pamoja na mama yake. Baada ya miaka 7 akafufuka zimwi linalokula watu usiku. Ujira ni oreni 3,000, kwa sharti kwamba binti aokolewe, asiuawe. Dawa yake ni kuhakikisha jogoo anapowika mara ya tatu binti hayumo ndani ya jeneza lake la mawe. Geralt anapambana naye usiku kucha, na alfajiri inapokaribia anafanya jambo la kifundi kabisa: anaingia mwenyewe ndani ya jeneza lile, analala, anajifunikia kifuniko, na kumwacha binti nje akikwaruza jiwe.

Hilo ndilo linalomtofautisha Sapkowski. Kila tatizo lina utaratibu wake wa kazi, na kila utaratibu una dhambi ya mtu nyuma yake. Katika mikusanyiko hiyo hiyo anachukua ngano ya mrembo na mnyama, ya Theluji Nyeupe, ya nguva aliyempenda mwana wa mfalme, anaziuliza swali lile lile la mtu mzima na hazirudi kuwa za watoto tena. Renfri wa "The Lesser Evil" ni binti mfalme aliyefukuzwa na mama wa kambo, lakini Sapkowski anaonyesha msitu umemfanya nini msichana huyo, na soko la Blaviken linamaliza yaliyobaki. Baada ya hadithi hiyo Geralt anaitwa mchinjaji. Riwaya zinataja Blaviken kama jambo unalolijua. Usipolijua, utasoma tu jina la mji.

Geralt anakufa mwishoni?

Soma Lady of the Lake. Wengine walisubiri miaka 13 kulijua hilo, tangu hadithi ya kwanza, nanyi mnataka niwaambie kwa sentensi moja.

Ni kweli kwamba aliuza haki za gemu kwa bei ya kutupa kisha akarudi kudai? Mimi naona ni tamaa. (Msomaji, Nairobi)

Ni kweli aliuza. Kampuni ya CD Projekt ilimlipa kwa mkupuo, kiasi kinachotajwa ni zloti 35,000 hivi, fedha ya Poland. Walikuwa tayari kumpa asilimia ya faida akakataa, kwa kuwa hakuamini gemu zingeleta faida yoyote. Gemu la kwanza likatoka 2007, la pili 2011, la tatu 2015, na hilo la tatu peke yake likapita nakala milioni 50. Mwezi Oktoba 2018 mawakili wake wakaandika barua kudai zaidi ya zloti milioni 60. Tarehe 20 Desemba 2019, siku ile ile tamthilia ya Netflix iliyotokana na vitabu hivyo ilipoanza kuonyeshwa, pande mbili zikatangaza makubaliano mapya.

Sasa hilo neno lako, tamaa. Silikubali. Sheria ya hakimiliki ya Poland, kifungu cha 44, inampa mwandishi haki ya kudai nyongeza endapo malipo aliyopewa yamepishana mno na faida aliyoipata mnunuzi. Hakuomba sadaka. Alitumia sheria ya nchi yake, iliyotungwa kwa sababu inajulikana kwamba siku ya kutia sahihi mwandishi ndiye mwenye njaa na mnunuzi ndiye mwenye wakili. Ndiyo, alikosea kukataa asilimia, na amekiri mwenyewe hadharani. Lakini kosa la hesabu halimfanyi mtu kuwa mlafi.

Na kwa kuwa najua wengi mnaonisoma mnaandika: msiuze hakimiliki kwa mkupuo. Nimewahi kushika mkononi mkataba wa ukurasa mmoja ambamo binti wa miaka 22 aliuza riwaya yake "pamoja na haki zote za sasa na za baadaye" kwa fedha isiyotosha kodi ya nyumba ya miezi miwili. Haki zote, yaani filamu, redio, tafsiri, vyote. Dai mrabaha, hata uwe mdogo. Weka kikomo cha miaka. Na hakikisha kila haki imetajwa kwa jina lake, isiyotajwa ibaki kwako.

Naandika riwaya ya fantasia yenye mizimu yetu, popobawa na majini, kama Sapkowski alivyotumia mizimu ya Kislavoni. Una ushauri? (Msomaji, Unguja)

Nina ushauri, na unaanza kwa kukusahihisha. Wanaosema Sapkowski kaandika "fantasia ya Kislavoni" hawajamsoma vizuri. Strzyga, zimwi la aina ya yule binti wa Foltest, ni wa Kislavoni, sawa. Lakini lugha ya elves, wale viumbe wake wa kale wanaofanana na watu, ameisuka kwa Kiwelishi, Kiayalandi na nyuzi nyingine, na kitabu cha mwisho cha zile riwaya tano kinafunguliwa na Galahad, shujaa wa mfalme Arthur. Mwaka 1993 aliandika makala kali, "Piróg albo Nie ma złota w Szarych Górach", akiwashambulia waandishi wenzake wa Poland waliodhani kupachika majina ya miungu ya Kislavoni juu ya hadithi ya kuiga kunatosha.

Kwa hiyo popobawa peke yake hakubebi. Niambie anamwogopa nani. Niambie ni nani katika mtaa huo anayefaidika watu wakilala nje kwa hofu. Ukiwa na jibu, niletee sura ya kwanza nami nitaisoma.

Zaidi ya Witcher ameandika nini? Ana hadithi za kisayansi? (Msomaji, Bujumbura)

Kwa hadithi za kisayansi za Poland mtafute Stanisław Lem, anza na Solaris ya 1961. Sapkowski kagusa upande huo kidogo tu. Kuna pia riwaya yake Żmija ya 2009, ya askari wa Kisovieti vitani Afghanistan.

Lakini kazi unayopaswa kuisoma ni riwaya zake tatu za vita vya Wahussi: The Tower of Fools, Warriors of God na Light Perpetual. Kwa Kipolandi zilitoka 2002, 2004 na 2006. Inaanza kwa kutuambia kwamba mwaka 1420 dunia haikwisha, ingawa wengi walisubiri iishe. Halafu tunamkuta Reynevan, tabibu kijana wa Silesia, kitandani na mke wa mtu, na ndugu za huyo mume wamefika mlangoni. Nyuma yake kuna Jan Hus, mhubiri wa Bohemia aliyechomwa moto mwaka 1415, na wafuasi wake waliochukua silaha. Uchawi upo, ila historia ni ya kweli, na watu wanauana kwa ajili ya kikombe cha ushirika. Ni ngumu kuliko Witcher, Kilatini kimejaa. Kwangu mimi ndiyo kazi yake kubwa zaidi, na inasomwa kidogo kwa sababu moja tu, haina gemu.

Mwalimu, najizoeza kutafsiri ile hadithi ya kwanza kwa Kiswahili, kwa ajili yangu tu. Nimekwama kwenye neno la kwanza. Wiedźmin nimwite mchawi? (Msomaji, Mombasa)

Usimwite hivyo, dada. Kwa Kipolandi wiedźma ni mwanamke mchawi, neno lenye mzizi mmoja na kitenzi wiedzieć, kujua. Sapkowski akalipa umbo la kiume. Wajerumani walipata kazi rahisi, wana Hexe wakafanya Hexer. Waingereza nao walihangaika: filamu ya Kipolandi ya 2001 iliuzwa nje kwa jina la The Hexer, na Witcher likaja kuenea kwa gemu. Kwetu mlango huo umefungwa, maana mchawi ni mchawi, awe mume au mke.

Na neno lenyewe ni zito. Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa kuitwa wachawi, na ushahidi ulikuwa macho mekundu, mekundu kwa moshi wa kuni za miaka 50. Geralt naye watu humwogopa kwa macho yake, hilo linashabihiana. Lakini mchawi hudhuru kwa siri, na huyu huja mchana, hugonga mlango na kutaja bei. Mganga nalo halimfai, kwa sababu mganga huponya na hukaribishwa ndani. Geralt akimaliza kazi hutakiwa aondoke kabla jua halijazama.

Mimi ningemwita fundi. Pwani tunalo neno hilo kwa mshona viatu, kwa mjenzi, na hata kwa mwenye kupunga pepo. Lina ujuzi ndani yake, lina malipo, na linamrudisha Sapkowski kwenye swali lake la mwanzo, kuhusu fundi viatu na joka. Fundi mazimwi. Liweke kinywani mwa Velerad, mkuu wa mji, pale mgeni anapoletwa mbele yake, ulisome kwa sauti mara mbili. Likisimama, niletee ukurasa huo.