Nimepasuliwa tumbo, nafanya mazoezi, na kilo zinapanda

Mwezi wa 11 baada ya upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula ili nipungue uzito, asubuhi moja nilipanda kwenye mizani nikasoma kilo 87.6. Wiki 3 nyuma, kabla sijaanza kupanda kilima cha Naguru kila alfajiri, ilikuwa 85.9. Nikaketi kando ya kitanda nikalia. Nilikuwa nimetoka kilo 131, nimekatwa sehemu kubwa ya tumbo, nimekaa wiki kadhaa nikinywa supu kwa kijiko, naamka Kampala ikiwa bado giza, halafu kilo zinarudi? Kwenye arusi wiki ileile wifi yangu alinishika mkono akaninong'oneza, "Umeanza kunenepa tena." Usiku huo sikulala.

Namwandikia dada au kaka aliyekaa kando ya kitanda namna hiyo leo. Kilo hupanda hasa kwa njia mbili, nami nimezipitia zote. Ya kwanza isikutishe.

Misuli isiyozoea kazi ikichoshwa huumia kidogo kwa ndani, na mwili huvuta maji hapo ili iponyeke. Tena misuli huanza kujiwekea akiba ya sukari ya kutumia kesho, na kila gramu 1 ya akiba hiyo hushikana na gramu 3 hivi za maji. Mizani husoma yote hayo kuwa uzito, kwa kuwa haitofautishi maji na mafuta.

Aliyenitoa hofu ni fundi wangu wa nguo pale Kisenyi. Nilimpelekea sketi ya kitenge iliyokuwa ikinishuka. Akaivua futi shingoni, akanizungushia kiunoni, akasoma, akailegeza, akapima upya. Akakusanya kitambaa cha nyuma kwa vidole viwili, akachomeka pini, akachora chaki pembeni yake. "Hapa natoa sentimita 4, dada." Nikamwambia mizani imepanda. "Ya mizani sijui, lakini kiuno kimepungua." Tangu siku hiyo nina futi yangu nyumbani. Kila Jumamosi asubuhi, kabla sijala, napima kiuno na kuandika. Ukianza mazoezi, jipe wiki 4 hadi 6 kabla ya kuhukumu kilo, na uamini futi kwanza.

Sasa njia ya pili, ambayo iliniumiza zaidi kwa sababu nilijidanganya. Faraja ile ya fundi niliibeba miezi 5 mizima. Mizani ilipofika 93 nilikuwa bado nasema ni misuli, ingawa futi nayo ilikuwa imeanza kupanda na nilikuwa nimeacha kuiandika. Mwanamke anayekula sahani ndogo kama yangu hajengi misuli ya kilo 7 kwa muda huo. Kiuno na kilo vikipanda pamoja, mara nyingi ni mafuta.

Nilichukua daftari nikaandika kila kilichoingia mdomoni kwa siku 7. Chakula cha mezani kilikuwa kidogo kweli. Lakini nikishuka Naguru nilinunua juisi ya pasheni yenye sukari, nikiona nimeistahili. Saa 4 bushera, kile kinywaji cha unga wa mtama au ulezi. Mchana chai ya maziwa, vijiko 3 vya sukari. Jioni karanga za kukaanga, ngumi moja, halafu nyingine. Siku 2 kati ya hizo 7 nilikula rolex nzima, yaani chapati iliyoviringishiwa mayai, kidogo kidogo, kwa saa nzima.

Hapo ndipo nilipoelewa tumbo langu. Lililokatwa hujaa upesi kwa kuku au nyama, lakini vinywaji hupita tu, na karanga za kudonoa huingia bila kulishibisha. Na ile njaa iliyopotea miezi ya mwanzo, kwa wengi hurudi. Soda ya nusu lita ina sukari gramu 50 hivi. Nusu saa ya kutembea kwa kawaida hailipi deni hilo lote.

Kosa langu lililofuata lilikuwa kujinyima. Niliruka milo siku mbili, nikapatwa na kizunguzungu katikati ya kilima nikashikilia ukuta wa watu. Usifanye hivyo. Nilirudi kwenye maelekezo niliyopewa hospitali: protini kwanza, angalau gramu 60 kwa siku. Kwangu ni mayai, mukene (dagaa), sangara na maharage, ndipo kipande cha matooke kikipata nafasi. Sinywi wakati wa kula, nasubiri nusu saa. Vidonge vya vitamini siviachi. Kutembea nimeongezea kuinua jerikeni 2 za lita 5 zilizojaa maji, mara 3 kwa wiki, maana mwili unaopungua haraka hupoteza na misuli. Kama ndiyo kwanza umepasuliwa, usiinue chochote kizito mpaka daktari akuruhusu.

Kuna kupanda kusikosubiri futi. Ukiongezeka ghafla kwa siku chache, miguu ikavimba au pumzi ikabana, nenda hospitali siku hiyohiyo. Na akina dada, pimeni mimba. Kilo zikishuka, uzazi huamka hata kwa aliyekaa miaka bila kushika mimba, na madaktari hutaka tusubiri miezi 12 hadi 18 baada ya upasuaji. Kama kwenye upasuaji utumbo wako pia uliunganishwa upya, si tumbo kukatwa tu, vidonge vya uzazi wa mpango huenda visifyonzwe vizuri. Uliza njia nyingine.

Ukienda kliniki, beba daftari lenye vipimo vya kiuno na vyakula vya wiki. Mimi nilikuwa nikikwepa miadi kwa aibu ya zile kilo 7. Nilipoenda hatimaye, mtaalamu wa lishe alilisoma ukurasa kwa ukurasa, akapiga mstari chini ya juisi, bushera na karanga, hakunigombeza. Jumamosi iliyopita futi ilisoma sentimita 91, mizani 88. Sketi ya kitenge inafungika.