Umeweka spesa? Tazama matairi ya mbele

Sisi wenye magari madogo hapa Tanga tunajua kwa nini watu wanayanyanyua. Ukiacha lami Muheza ukapanda Amani, mawe yanakugonga chini mpaka roho inauma. Basi mtu anaweka spesa, yaani kipande cha kunyanyulia gari, juu ya shokapu za mbele, anafurahi, halafu tairi linaanza kuliwa ukingo wa nje. Gari langu nimeliendesha likiwa na spesa na bila spesa, na tofauti ipo wazi.

Magari madogo mengi yana mfumo wa mbele wa MacPherson, uliobuniwa na mhandisi wa Marekani Earle MacPherson miaka ya 1940. Juu, shokapu imefungwa kwenye bodi, haisogei pembeni. Chini kuna wishiboni moja, mkono wa chuma unaotoka kwenye gari, inayoshika boljointi, yaani kiungo cha gurudumu. Ukiweka spesa, gurudumu linashuka na wishiboni inainama. Ncha yake haishuki wima. Inazunguka kama mlango kwenye bawaba, hivyo inavuta boljointi kuelekea katikati ya gari. Tairi linaingia ndani kwa chini, linatoka nje kwa juu: kemba, yaani jinsi tairi linavyolala ukilitazama kwa mbele, imekuwa chanya. Springi zikichoka gari likakaa chini, kwa kawaida inakuwa kinyume, na ukingo wa ndani ndio unaoisha.

Hiace nyingi na Prado nyingi zina wishiboni mbili kila upande, ya juu fupi kuliko ya chini, na kemba yake inarekebishika. Kwenye MacPherson mara nyingi kiwanda kimekuachia tairodi tu, yaani mwelekeo wa tairi. Nao huharibika ukinyanyua gari! Pitisha kiganja kwenye kashata za tairi, kutoka nje kwenda ndani na kurudi. Zikikwaruza upande mmoja na kuteleza mwingine, shuku mwelekeo. Zikiwa laini ila zimeisha ukingo mmoja, shuku kemba.

Kabla ya kulipia alaimenti, yaani kupima na kurekebisha jinsi matairi yalivyokaa, fundi apige jeki na kutikisa gurudumu juu na chini. Bushi au boljointi ikicheza, vipimo vyote ni kazi bure. Kisha dai vipimo vya kabla na baada. Kemba ya gari dogo la kawaida huwa karibu na sifuri hadi digrii moja hasi. Kemba ikigoma, zipo bolti maalum za kufunga chini ya shokapu, zinarudisha kama digrii moja. Spesa nene inaweza kupita uwezo wa bolti hizo, kwa hiyo chukua nyembamba.